Mlio wa Kwanza

Mimi nikikuona unaendesha gari huku simu imebanwa kati ya sikio na bega, siwezi kunyamaza. Nitagonga kioo chako. Nitakuuliza hayo maongezi yana uzito gani kumzidi mtu aliye mbele yako. Watu wa mtaa wetu wa Naguru wananijua kwa hilo, na wapo madereva ambao wakiniona nimesimama kando ya barabara huficha simu chini ya paja kama watoto wa shule. Wengine hunicheka. Waache wacheke. Mume wangu anapanda baiskeli katika mji huu, na kila asubuhi akitoka, mimi nabaki mlangoni mpaka apotee kwenye kona.

Naitwa Concy. Mimi na mume wangu, Tarcisio, tulikuwa polisi wa mawasiliano, watu wa redio, mpaka tulipostaafu. Tulizoeana kwa sauti kabla ya kuonana: yeye alikuwa Gulu, kule kaskazini, mimi hapa Kampala, na kati yetu kulikuwa na mkwaruzo wa mitambo usiokwisha. Kazi ya redio ina sheria ambayo haikutoki hata ukivua gwanda. Ukiitwa, jibu mwito wa kwanza. Usipojibu, wenzako hawasemi labda amekwenda msalani, wanasema kuna jambo. Na sauti ikikatika katikati ya maneno, hilo ni baya zaidi: unaita stesheni zote, kila mmoja aache alichokuwa akifanya, mwenzenu atafutwe. Wapo tuliowazika ambao habari zao zilianza hivyo hivyo, kwa sauti iliyokatika.

Basi nyumbani kwetu simu inapokewa mlio wa kwanza. Binti yetu, Amony, amekulia katika hayo, na hupokea hata akiwa na povu la sabuni usoni.

Siku hizi Tarcisio hununua suruali za mitumba soko la Owino, anazikata na kuzishona upya kwa cherehani yetu, kisha anawapelekea wanafunzi wa hosteli za Wandegeya, ambao wanapenda suruali zinazobana mpaka unashangaa miguu imepita wapi. Mzigo anaufunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Wenzake wa baiskeli hukutana kwa Nasur, fundi wa baiskeli pale Wandegeya, na maongezi yao siku zote ni barabara. Zamani walilalamikia mashimo na bodaboda. Sasa ni simu. Tarcisio alinifundisha namna ya kumtambua dereva aliye kwenye simu hata kama vioo vya gari ni vyeusi: gari linakwenda polepole bila sababu, linasogea kushoto, linashtuka, linarudi, na taa ikiwaka kijani halitoki mpaka lipigiwe honi.

"Ukiona kichwa imeinama, usifikiri anasali," aliniambia. "Kaa mbali na yeye."

Yeye mwenyewe alijitahidi kukaa mbali. Lakini mwezi wa Pasaka kioo cha pembeni cha gari moja kilimpiga mgongoni, akaangukia mtaroni. Dereva alishuka, simu bado iko sikioni, akamwambia mtu wa upande wa pili, "Subiri kidogo, nimegonga mzee hapa." Subiri kidogo! Tarcisio akisimulia kisa hicho hucheka mpaka anakohoa. Mimi sikucheka siku ile na sicheki leo.

Tangu hapo nikaanza kumpigia. Akitoka nyumbani, nampigia. Akikaribia Owino, nampigia. Nikisikia king'ora cha gari la wagonjwa kinapita chini ya kilima chetu, nampigia kabla king'ora hakijanyamaza. Naye, mtu wa redio, anapokea mlio wa kwanza. "Kontroo, niko Mulago, hakuna matata," anasema, akiniita kituo kikuu kama enzi za redio, na mimi ndipo ninapopumua. Niliwahi kumuuliza kama husimama kando kwanza kabla ya kupokea. Akasema husimama. Nilitaka kuamini, nikaamini.

Sasa Jumatano moja, majuzi tu, nilikuwa na kliniki ya presha. Abubaker, mtoto wa jirani yangu Halimah, ana gari la kukodi, na huwa ananipeleka bila maneno mengi kwa sababu nimemjua tangu akiwa anatambaa. Sasa ni baba wa watoto na ana kitambi, lakini mbele yangu bado hunyoosha mgongo. Nikakaa mbele, upande wa kushoto. Hatujafika hata barabara kubwa, simu yake ikalia, na mkono ukaifuata.

"Abubaker, weka hiyo simu chini."

"Mama, huyu ni kastoma wa eapoti."

"Ndege itamngoja. Leta hapa."

"Wallahi, mama, hata trafiki hawana ukali kama wewe."

"Trafiki wenyewe wako kwenye simu. Leta."

Akaileta. Nikaitia ndani ya mkoba wangu, nikavuta zipu. Iliendelea kulia mle ndani, ikanyamaza, ikaanza tena, naye akawa anautazama mkoba kwa huruma. Nikamwambia atazame mbele. Akatazama mbele. Tukaingia barabara ya Kira, magari yamebanana, jua limeshakuwa kali, na mimi nikakumbuka kwamba sijasikia sauti ya Tarcisio tangu alipoondoka Owino.

Nikampigia. Akapokea mlio wa kwanza.

"Kontroo, mimi iko njiani, napanda kwenda Wandegeya. Mzigo iko sawa. Sasa hivi na..."

Honi ikalia, ndefu, karibu kabisa na sikio lake. Halafu kishindo kama cha kitu kikavu kinachopigwa kwenye lami. Halafu hakuna kitu.

"Tarcisio?" nikasema. "Tarcisio!"

Nikapiga tena. Nikapata yule mwanamke wa kwenye mtandao mwenye sauti nzuri, anayekueleza kwa upole kwamba unayemtafuta hapatikani. Nikapiga tena, akanieleza tena. Nilimwona Tarcisio amelala chini ya gari, suruali za wanafunzi zimetawanyika barabarani, na mtu mwenye simu sikioni anasema subiri kidogo. Niliona yote hayo mchana kweupe, macho yakiwa wazi.

"Nini, mama?" Abubaker akauliza.

"Sauti imekatika."

"Labda ni mtandao."

"Usiniambie mtandao! Sauti imekatika katikati ya neno!"

Hapo sikuwa tena mgonjwa wa presha anayepelekwa kliniki. Nilikuwa kwenye kiti changu cha zamani, na stesheni imenyamaza. Kazi yangu ilikuwa kuita zote. Nikafungua mkoba, nikatoa simu ya Abubaker, nikamwekea mkononi.

"Mpigie Nasur fundi. Yuko Wandegeya, ataona. Piga!"

"Mama, lakini umesema..."

"Sahau nilichosema! Piga! Mimi sitaki kutoka kwenye laini ya Tarcisio. Mpigie Nasur, akikosekana mpigie mtu yeyote unayemjua Wandegeya. Haraka, Abubaker, haraka!"

Alifanya kama alivyoambiwa. Mkono mmoja kwenye usukani, kidole gumba cha mkono wa pili kinatafuta jina la Nasur. Akauliza Nasur yupi, ana akina Nasur wengi. Nikainama kumwonyesha kwenye kioo cha simu yake, wa baiskeli, huyo, hapana, wa chini. Ndani ya gari lile hakuna aliyekuwa anatazama barabara. Nadhani gari lilisogea kushoto, likashtuka, likarudi. Sijui. Ninachojua ni sauti ya chuma, upande wangu, na kitu cha manjano kilichotapakaa kwenye kioo cha mbele.

Yalikuwa mayai. Trei na trei za mayai, zilizokuwa zimefungwa nyuma ya baiskeli, sasa zilikuwa barabarani na juu ya boneti. Mwenye baiskeli alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara na mguu wake mmoja ulielekea upande ambao mguu hauelekei.

Nilishuka. Watu wa bodaboda walikuwa wameshafika, wanapiga paa la gari kwa viganja. "Banange, jamani! Toka nje, dreva! Toka!" Mama mmoja muuza maandazi alikuwa akipaza sauti kuliko wote: "Alikuwa kwenye simu! Mimi nimemwona kwa macho yangu! Na huyo mama pia, wote wawili wameinama!"

Nilimtazama yule mama na nikataka kumwambia kwamba mimi ni mwenzake, kwamba huwa ninasimama pale pale anaposimama yeye. Nilichuchumaa kando ya mtu yule. Alikuwa mwanamume wa makamo, ndevu fupi, kofia ya kufuma kichwani, uso umelowa jasho. Nikamuuliza jina.

"Kamis," akasema. "Mguu wangu, mama. Mguu umekufa?"

"Haukufa. Umevunjika. Tulia, usiusogeze."

Abubaker alikuwa amesimama nyuma yangu, analia waziwazi na kusema astaghfirullah, astaghfirullah, huku mtu mmoja amemshika kola. Ndipo simu yangu ikalia. Namba siijui. Nikapokea, bila shaka, mlio wa kwanza.

"Mama Amony, hii ni simu ya Nasur," akasema Tarcisio. "Ya kwangu imeanguka, teksi imekanyaga, imekwisha kabisa. Mimi ni mzima. Usiogope."

Nitasema ilivyokuwa. Nilifurahi. Mtu amevunjika mguu miguuni pangu na mimi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na hapo hapo furaha yenyewe ikanitia aibu.

"Ilikuwaje ianguke?" nikauliza. "Si ulikuwa umesimama kando?"

Akaanza kunieleza teksi yenyewe. Mtu wa redio hujibu alichoulizwa.

"Tarcisio. Huwa unasimama kando?"

"Hapana," akasema. "Nikisimama kwanza, inalia mara nyingi, na wewe utafikiri nimekufa. Kwa hiyo napokea tu na mkono mmoja. Siku zote."

Nikamwambia abaki hapo kwa Nasur, asipande baiskeli, nitampigia. Kisha nikasema hapana, sitampigia, nitakuja mwenyewe. Nikakata.

Mtu alikuwa amekwenda kutafuta gari kubwa la kumlaza Kamis bila kumkunja. Tulikuwa tunangoja. Muuza maandazi alivua kanga yake akaitia chini ya kichwa cha mgonjwa, na hakunitazama hata mara moja. Kisha mfuko wa shati la Kamis ukaanza kulia.

Aliufunika mfuko kwa mkono wake.

"Ni mke wangu, Zuleika," akasema. "Huwa anapiga saa hii kuuliza kama mayai yamefika. Acha. Usipokee. Atashtuka bure."

Simu ikalia mpaka ikachoka. Watu waliendelea kumgombeza Abubaker. Ikaanza tena. Hapo nilimwona yule mwanamke kana kwamba nyumba yao haina ukuta. Mara ya kwanza alikuwa ameketi, labda anapepeta mchele. Sasa amesimama. Mara ya tatu atakuwa mlangoni, hana viatu, na atakuwa ameshamwona mumewe chini ya gari, na atampigia shemeji yake, na jirani, na mtu yeyote mwenye gari au pikipiki, na atawaambia haraka, haraka.

"Kamis," nikasema, "asipojibiwa ni vibaya zaidi. Mimi najua. Nipe."

Akauondoa mkono. Nikaitoa simu, ilikuwa na ute wa yai, nikaifuta kwenye gauni langu la kliniki.

"Baba Husnah!" sauti ikaanza kabla sijasema neno. "Mbona hupokei? Wewe uko wapi?"

"Si yeye, dada yangu," nikasema. "Mimi naitwa Concy. Mume wako yuko hai, yuko hapa mbele yangu na anaongea. Mguu ndio umevunjika. Tuko Kamwokya, tunampeleka hospitali ya Mulago."

Nikasikia kitu cha bati kikianguka kwenye sakafu, kisha pumzi yake tu.

"Gari?" akauliza.

"Gari."

Nilimsikia akikusanya nguvu, na sauti iliporudi ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na moto. Niliijua hasira ile, hata maneno yake niliyajua kabla hayajafika.

"Huyo dreva alikuwa kwenye simu? Niambie ukweli, mama. Kila siku mume wangu analia na hawa watu wa simu. Alikuwa kwenye simu?"

Abubaker aliacha kulia ili asikie nitasema nini. Kamis, pale chini, alifumba macho.

"Alikuwa kwenye simu," nikasema. "Nilikuwa nimemnyang'anya. Halafu mimi mwenyewe nikamrudishia, nikamwambia apige haraka."