Kichupa cha Mwisho cha Ketamini

Katika chumba chetu cha upasuaji, kichupa cha mwisho cha ketamini, dawa ya usingizi, hakiguswi. Sheria hiyo haijaandikwa popote. Aliiweka Bi Ufunguo, muuguzi anayetunza kabati la dawa, yeye aliyenifundisha kazi ya kulaza wagonjwa usingizi nilipokuwa sijui hata kushika bomba la sindano. "Mdogo wangu," alikuwa akisema, "ile nyingine, propofoli, inashusha presha; ketamini haishushi. Mtu aliyevuja damu ukimpa, umemsindikiza. Kile kimoja kiache, kina mwenyewe."

Jumatano alikuwa mapumzikoni, ufunguo nikabaki nao mimi. Asubuhi akaja seremala, bega limeteguka, anapiga kelele hospitali nzima inamsikia. Propofoli ingemtosha kabisa. Lakini kwa ketamini mtu anaendelea kupumua mwenyewe, huna haja ya kumkodolea macho, na mimi nilikuwa sijanywa chai. Nikafungua kabati. Nilijiambia dawa nyingine zinakuja kesho. Uvivu tu, sina la kujitetea.

Saa saba mchana wakamleta Bi Ufunguo. Gari lilimgonga akivuka barabara na mfuko wake wa vitunguu. Tumbo limejaa damu, presha sitini. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshanawa mikono.

"Mlaze, ndugu yangu, hatuna muda!"

Nikamtundikia chupa moja ya damu tuliyokuwa nayo. Nikavuta propofoli, theluthi ya dozi ya kawaida.

Akafumbua macho. "Unanipa ipi?"

"Kile kimoja, dada."

Akageuza shingo akaitazama sindano. Ketamini ni kama maji. Propofoli ni nyeupe kama maziwa, na yeye ameishika miaka ishirini. Akanitazama bila hasira. Ingekuwa hasira ningeshukuru.

"Haya. Sukuma polepole, basi."

Nilisukuma polepole. Mpira wa hewa uliingia kooni mara ya kwanza, kama alivyonifundisha. Presha ikashuka, ikashuka tena, moyo ukasimama. Tulimkandamiza kifua dakika arobaini, mpaka daktari akanishika mkono.

Nje, mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi, pembeni yake yule seremala anasubiri dawa za kwenda nazo nyumbani. Seremala ndiye aliyeniona kwanza. Akanipungia kwa mkono uliopona.

"Huyu hapa! Mzee, mkeo yuko kwenye mikono salama. Mimi sikusikia maumivu hata chembe!"

Mumewe akageuka, uso umejaa matumaini, akasimama kunipokea.