Cheti cha Familia Imara

Hakujapambazuka, Oleta alisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Hakuhitaji kuwasha taa. Mjukuu wake Brylee, wa miaka mitatu na nusu, alikuwa anasukuma kiti cha jikoni kutoka mezani hadi mlango wa mbele, kama alivyofanya kila alfajiri tangu Februari, siku polisi walipouvunja mlango ule wakamchukua mama yake. Akishakiegemeza mlangoni alijilaza chini, mgongo kwenye mguu wa kiti, akalinda mpaka kuche.

Mwanzoni Oleta alikuwa akimwinua na kumrudisha kitandani, na mtoto akilia mpaka anatapika. Renae, yule dada wa afya wa kaunti aliyekuja kila Alhamisi, ndiye aliyemwambia aache.

"Shuka chini, mama, ukae naye," alisema. "Halafu mwambie kinachofuata. Mtoto mwenye hofu anataka kujua kinachofuata."

Basi Oleta, na magoti yake ya miaka hamsini na tisa, alishuka sakafuni, akavuta blanketi likawafunika wote wawili.

"Sasa nitainuka niwashe jiko," alinong'ona. "Halafu nitapika kahawa yangu. Halafu wewe utakula uji. Halafu jua litatoka nyuma ya mlima. Halafu Renae atakuja."

"Renae," mtoto alisema.

Lilikuwa moja ya maneno yake kumi na manne. Mwezi Machi hakuwa na hata moja.

Asubuhi hiyo Oleta hakutulia. Alifagia, akafagia tena. Alifuta meza iliyokuwa safi. Kila gari lililopanda bonde alilikimbilia dirishani, kumbe ni basi la shule, kumbe ni mzee wa maziwa. Juzi Renae alikuwa amepiga simu akasema ana habari kutoka makao makuu ya jimbo, na sauti yake haikuwa na furaha. Oleta alikuwa ameilalia habari hiyo siku mbili bila kuijua.

Saa tatu Renae alifika. Kwa kawaida alivua viatu mlangoni, akakaa sakafuni na kisanduku chake cha vitu vya kuchezea kabla hajamsalimu mtu mzima yeyote. Leo hakuvua viatu. Alikaa kwenye kiti, akatoa karatasi ngumu yenye muhuri wa dhahabu, akaiweka mezani.

"Umefaulu, mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Oleta alivaa miwani. Juu iliandikwa *Familia Imara*, chini kulikuwa na jina lake, lakini limekosewa herufi moja.

"Nimefaulu nini?"

"Ile fomu ya Septemba. Unakumbuka? Niliyokuachia, nikatoka nje."

Alikumbuka vizuri sana. Kiangazi hicho jimbo lilikuwa limeanzisha mfumo mpya: fomu moja kwa kaunti zote, maswali thelathini na sita, alama moja ya kuonyesha ni mtoto gani anakua na msongo wenye sumu, ule unaomla mtoto ndani akiwa bado mdogo. Na sheria ilisema mlezi aijaze peke yake, ili awe huru. Renae aliisubiri nje, amesimama kwenye baridi karibu na kuku.

Mficha uchi hazai, wanasema, lakini watu wa bonde lile walikuwa wamezaa na kulea vizazi vinne wakiwa wamejifunika gubigubi. Mgeni wa serikali hupewa kahawa na kiti kizuri, na akiuliza hali hujibiwa kwamba hali ni njema, tunashukuru. Bibi yake Oleta alijibu hivyo na watoto wawili ndani wana surua. Aliyejibu vingine alichukuliwa watoto. Basi Oleta aliweka alama palipo pazuri, swali kwa swali. Mtoto analala vizuri? Siku zote. Ana hofu zisizo za kawaida? Kamwe. Kuna mtu anayekuja nyumbani akavuruga amani? Kamwe.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo aliliona aibu kulisema. Alidhani alama zile ni za Renae. Alidhani huko juu wataiona fomu safi, waseme, huyu binti anafanya kazi nzuri, mwongezeni mshahara.

"Nilitaka upate alama nzuri," alisema sasa.

Renae alifunika uso kwa viganja, akaufunua. "Ee mama yangu. Alama nzuri ndiyo inafunga faili. Wamefunga mia mbili kwenye kaunti yetu peke yake. Leo ndiyo mwisho."

"Si ungewaambia? Kiti umekiona kwa macho yako."

"Siruhusiwi kugusa majibu ya mlezi. Sehemu ya maoni yangu ina mistari miwili. Nilijaza yote miwili."

Brylee alikuwa ametoka chini ya meza, akasimama mbele ya Renae, anasubiri. Kila Alhamisi, kabla ya kuondoka, Renae alimwambia kinachofuata: sasa navaa viatu, sasa naingia garini, halafu unalala mara saba, halafu nakuja. Renae alipiga magoti. Viatu alikuwa navyo tayari.

"Sasa naingia garini," alisema.

Mtoto alisubiri. Alinyoosha kidole kimoja, cha usiku wa kwanza, kama walivyozoea kuhesabu.

Renae alikishika kile kidole, akakibusu, akatoka.

Oleta alimpigia simu mkuu wa jikoni pale shuleni anapofanya kazi, akasema atachelewa. "Kabichi zako nitakukatia mimi," mkuu alisema. "Nenda." Hakuuliza anakwenda wapi. Oleta alimfunga mtoto kwenye kiti chake cha gari, akateremka bonde mbio kuliko alivyopenda, kile cheti kikitelezateleza juu ya dashibodi.

Ofisi ya kaunti zamani ilikuwa duka la viatu. Sasa ukutani palikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka, na maneno *Jimbo Zima, Malezi Mamoja*. Foleni ilikuwa ya watu tisa. Oleta alisimama, akakaa, akasimama. Alimbeba Brylee, akamweka chini, akambeba tena. Zamu yake ilipofika ilikuwa saa tano na nusu.

Nyuma ya kioo alikaa Kendra, aliyesoma darasa moja na Shawna, binti yake Oleta, mama yake Brylee. Kioo kilikuwa kinene na tundu lake lilikuwa chini, usawa wa kiuno. Ukitaka kusikika, ama uiname kama anayetubu, ama upaze sauti.

"Nimekuja kurudisha hiki," Oleta alisema, akakisukuma cheti tunduni. "Kina makosa."

"Jina? Naona. Pole, tutakuchapia kingine."

"Jina liache. Majibu ndiyo makosa. Nilidanganya."

Kendra aliacha kuandika. "Mama Oleta, fomu ikishafungwa haifunguliwi. Mimi mwenyewe siwezi, bosi wangu hawezi. Unaomba upya tu."

"Basi naomba upya."

"Maswali yote thelathini na sita?"

"Uliza."

Ikawa lazima ajibu kwa sauti. Watu wa foleni walikuwa watu wa kwao. Wawili walisali naye kanisa moja. Kendra aliuliza kama mtoto analala vizuri. "Hapana," Oleta alisema. "Anaamka saa kumi kulinda mlango." Masikio yakamwaka moto. Anazungumza kama wa umri wake? "Maneno kumi na manne." Anaogopa sauti za ghafla? "Anajikojolea mlango ukigongwa."

Nyuma yake msichana mmoja mwenye mtoto mchanga akaanza kumwimbia mtoto wake wimbo wa kanisani, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitaji mtoto aliyelala. Oleta aligeuka kidogo. Msichana alikuwa ametazama ukuta, anaimba tu, ili wale wengine wasisikie vizuri. Mzee wa mbele yake katika foleni, ambaye shida yake ilikwisha, hakuondoka. Alivua kofia, akamwonyesha Brylee jinsi manyoya ya ndege yaliyochomekwa kwenye ukanda wa kofia yanavyosimama na kulala.

Swali la thelathini na moja Kendra alilisoma polepole. "Kuna mtu anayekuja nyumbani akavuruga amani?"

"Mama yake. Ametoka jela Agosti, lakini vidonge vya kulevya havijamtoka. Anakuja usiku, anagonga."

Kendra aliinama mpaka mdomo ukawa karibu na tundu. Sauti yake ilishuka. "Sikiliza. Ukisema amekuja zaidi ya mara moja, kompyuta inapeleka jina lako yenyewe kwa watu wa ulinzi wa watoto. Mimi sibonyezi kitu. Nakuuliza tena, mama. Mara moja, au zaidi?"

Ulikuwa wema, na Oleta aliuona kuwa ni wema. Binti huyu alikula mezani kwake mara nyingi akiwa na meno ya mbele yamedondoka. Mara moja. Maneno mawili tu, na kila mtu angekwenda nyumbani. Lakini kwa maneno ya namna hiyo hiyo ndiyo Renae alikuwa ameondoka asubuhi na viatu miguuni.

"Mara tatu," alisema. "Ya mwisho ni Jumanne. Mlango sikufungua. Nilimpa mkate na nyama kupitia dirishani, akala amesimama kwenye mvua. Andika hivyo hivyo."

Kendra aliandika. Mashine ilifikiri. "Alama thelathini na tatu," alisema. "Ishirini zinatosha. Unastahili kutembelewa, mama. Sana tu."

"Alhamisi, basi?"

"Kuna orodha. Mbele yako wako sitini na mbili. Na Renae wamempa kaunti tatu za kusini kuanzia Jumatatu. Labda majira ya machipuko ya mwakani. Labda."

"Na hao wa ulinzi?"

"Hao ni ndani ya siku tatu." Kendra hakumtazama. "Hawapigi simu kabla. Wanagonga tu."

Oleta alishika ukingo wa kaunta. "Kwa hiyo wa kuja kunikagua yupo. Wa kuja kunisaidia ndiye hayupo."

"Ningekuwa na uwezo, mama."

"Najua, mwanangu. Nipe basi karatasi yangu."

"Na cheti uchukue. Mfumo hauna mahali pa kukirudishia."

Nje, kwenye maegesho, Renae alikuwa anapakia vitu vyake kwenye gari dogo lenye kutu: maboksi, koti la mvua, mmea ndani ya kopo. Alipowaona alisimama na kopo mkononi.

"Nimesikia," alisema. "Kendra amenipigia. Mama, ulisema yote?"

"Yote. Mbele za watu. Nusu ya kanisa sasa inajua nina nini nyumbani."

Upepo ulikuwa wa baridi na ulinuka moshi wa makaa. Brylee alikuwa ameshamshika Renae suruali, kwa ngumi mbili.

"Wakija hao," Renae alisema, "waambie wakae sakafuni kwanza. Watakataa, lakini waambie." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi siruhusiwi kuingia nyumba ambayo faili lake limefungwa. Ni kazi yangu, mama. Nina wawili wa kulisha."

"Sitaki ufukuzwe. Nani amesema ufukuzwe?" Oleta alimfunga mtoto kifungo cha juu cha koti, kisha akamfunga na Renae chake, maana kilikuwa wazi na binti hakuwa na shali. "Kazi yako ni Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili mpaka saa kumi na moja. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Na Jumapili mchana unaripoti kwa nani?"

Renae alicheka kidogo, akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Kwa mume wangu. Naye analala."

"Basi mwache alale. Wale wako wawili walete, kuna kuku wa kukimbiza. Mimi nitakuwa na maharage motoni na mkate wa mahindi, na hakutakuwa na karatasi hata moja ya kutia sahihi. Uje, mwanangu. Jumapili hii uje, na ile nyingine uje tena."