Swali la Saba la Mwalimu Ndunguru

Mwalimu Costantine Ndunguru alisubiri mpaka mama wa mwisho alipomfunga mtoto mgongoni na kuliacha benchi la zahanati, ndipo akainuka, akanyoosha kola ya shati lake na kuingia ndani. Alikuja na jambo ambalo kwa mwaka mzima na nusu hakuwa amelitamka mbele ya mtu yeyote, na bahati haikumpangia tabibu wa kiume. Nyuma ya meza alikaa Zuena Mfaume, binti wa kijiji cha Baleni, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha hisabati tangu darasa la tano hadi la saba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Zuena. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu kiti. Leo una tatizo gani?"

Mwalimu alikuwa amelelewa katika shule ya bweni ya wamisionari kule Umatengo, ambako kijana alioga maji ya baridi alfajiri bila kunung'unika, na ambako uongo ulihesabiwa kuwa kosa kubwa kuliko wizi. Kwa malezi hayo alikuwa amefikisha miaka sitini na miwili bila kumwinamia mtu. Alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa, akakifungua mezani. Ndani mlikuwa na vidonge viwili vya buluu.

"Nimepewa na rafiki yangu Mbaraka," alisema huku akiutazama ukuta. "Amevinunua dukani. Anasema vimemrudishia ujana. Lakini mimi simezi kitu ambacho mtaalamu hajanieleza. Nataka uniambie kama vinanifaa."

Zuena alivitambua mara moja, wala hakutabasamu, na mwalimu alimshukuru kimoyomoyo.

"Ni vya nguvu za kiume," alisema kwa sauti ileile ambayo angeitumia kutaja dawa ya minyoo. "Umekwisha kumeza hata kimoja?"

"Hata nusu."

"Vizuri. Basi nina maswali, na mengine ni ya ndani."

"Yaandike."

"Niyaandike?"

"Yaandike kwenye karatasi, nami nitayajibu kwa maandishi. Kuyajibu kwa mdomo mbele ya binti niliyemfundisha kujumlisha sehemu, sitaweza."

Zuena alimtazama kidogo, kisha akachukua karatasi na kuandika maswali kumi kwa mwandiko uliosimama wima, ambao alijifunza kwake. Akamsogezea karatasi na kalamu, akaenda kwenye kabati kupanga maboksi ya dawa, mgongo ameugeuza.

Mwalimu alijibu bila kusita. Tatizo lilianza lini, alilijibu. Sigara: sijawahi. Pombe: glasi moja siku ya Pasaka. Alipofika swali la saba kalamu ilisimama. Swali lilisema: Je, una dawa yoyote ya kifua au ya moyo, hata ile inayowekwa chini ya ulimi mara mojamoja?

Alikuwa nayo. Miezi minane nyuma, alipokwenda Dar es Salaam kumzika kaka yake, kifua kilimbana akipanda ngazi, na daktari wa huko akampa kichupa cha vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kila maumivu yanapokuja. Kichupa hicho alikificha katika sanduku la vifaa vyake vya jiometri, ambalo mkewe Albina hakuwa na sababu ya kulifungua. Aliamini kwamba siku Albina atakaposikia neno moyo, watafungasha virago na kurudi Umatengo, karibu na watoto wao. Naye alifika kisiwani Mafia akiwa mwalimu kijana, amekaa miaka thelathini na minne, na hapa ndipo alipotaka kuzikwa. Kuandika hapana hakuweza, kwa kuwa ungekuwa uongo. Kuandika ndiyo hakutaka. Akaliruka swali, akajibu la nane.

Zuena alirudi, akaisoma karatasi akiwa amesimama. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaizungushia duara namba saba, akamrudishia.

"Hili hukulijibu, mwalimu."

"Naona."

"Darasani kwako aliyeruka swali alirudishiwa karatasi, na hakutoka mpaka amejibu. Siku moja nililia humo ndani, wenzangu wote wako nje wanacheza rede."

"Ulilia kwa sababu jibu ulikuwa unalijua."

"Ndiyo. Na wewe unalijua."

Mwalimu Ndunguru aliivuta karatasi mbele yake. Aliinama akaandika: Ndiyo. Chini ya ulimi. Kama mara mbili kwa wiki.

Zuena alisoma, akaketi, kisha akavivuta vile vidonge viwili upande wake wa meza.

"Nisikilize vizuri. Kidonge cha Mbaraka kinatanua mishipa ya damu. Kidonge chako cha kifua nacho kinatanua mishipa. Vikikutana mwilini, presha inaanguka ghafla na mtu anazimia. Wengine hawaamki. Na si mpaka uvimeze kwa wakati mmoja. Hata kimoja leo na kingine kesho, bado ni hatari."

"Mbaraka hajazimia."

"Mbaraka hana kichupa chako. Naye umwambie aje apimwe, asigawe vidonge kama peremende."

Alimpima presha, ikawa juu kidogo; akamtoboa kidole apime sukari, ikawa nzuri. Kisha akamweleza kwamba la chumbani na la kifuani huenda yakawa jambo moja, kwa maana mishipa ya sehemu za siri ni myembamba na hudhoofika mapema kuliko ya moyo.

"Kwa hiyo nimenyimwa," alisema mwalimu.

"Leo umenyimwa. Nakuandikia rufaa umwone daktari wa moyo Dar es Salaam. Akiona moyo wako unahimili, na akiweza kukubadilishia dawa ya kifua, ndipo tutazungumza habari ya kidonge, tena kwa dozi ndogo. Lakini ya kifua usiiache mwenyewe ili umeze hii. Nakufahamu, mwalimu."

"Na Albina, utamwambia?"

"Siri yako haitoki mlango huu. Ila kifua kikikubana ukashindwa kusema, atakusaidiaje mtu asiyejua kichupa kiko wapi?"

Swali hilo Zuena hakuliandika. Mwalimu alitembea nalo mpaka nyumbani.

Albina alikuwa uani anachambua mchele. Mumewe alisimama mbele yake wima, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule, akaeleza yote kwa mpangilio: kifua, kichupa, vidonge vya Mbaraka, rufaa. Mkono wa Albina uliacha kuchambua.

"Nani mwingine anajua?"

"Zuena peke yake."

"Zuena." Aliuweka ungo chini polepole. "Baba Victoria, mwaka mzima na nusu nautazama mgongo wako kama ubao uliofutwa. Nikasema amenichoka. Nikasema labda ana mtu huko mjini Kilindoni. Ukaona afadhali niwaze hayo?"

"Niliona ukisikia habari ya moyo utataka turudi Umatengo."

"Kwenye baridi ile?" Albina alimkazia macho. "Nani arudi? Kwaya nimwachie nani? Happy, ambaye hata sauti ya pili haishiki? Watoto wakitutaka wapande boti waje. Mimi kwangu ni hapa."

Mwalimu alivuta kigoda, akakaa karibu na mkewe kuliko alivyokaa kwa muda mrefu. Albina hakusogea.

"Zuena amenikataza kile kidonge," alisema kwa sauti ndogo. "Kwa sasa."

"Mimi nimekuomba kidonge? Nilikuwa nakutafuta wewe." Mkono wake ulikuja juu ya goti la mumewe ukatulia hapo. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini pembe za midomo zilikuwa zinacheka. "Kichupa utaniletea sasa hivi, kitakaa kabatini ninapokiona. Dar tunakwenda wote, Jumatatu. Ijumaa tuwe tumerudi, Jumamosi nina mazoezi. Na huko kwa daktari usiniache nje kwenye benchi."

Katika maisha yake yote Mwalimu Ndunguru hakuwa amekubali kupangiwa ratiba na mtu. Aliusogeza ungo mapajani mwake, akaanza kutoa mawe kwenye mchele.

"Sawa," alisema.