Kiendeshi cha Aune Kettunen

Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa kumi na moja jioni, wanachama wanne wa Chama cha Kiini Safi cha mji wa Kuopio walivua viatu mlangoni wakaketi kwenye chumba cha chini cha jengo, jirani na sauna, chumba cha kuogea mvuke. Ajenda ilikuwa moja. Mwenyekiti, Tarmo Hyvärinen, alitaka imalizike upesi kwa sababu zamu yake ya sauna huanza saa kumi na mbili kamili.

Chama kiliunda kiini cha mfumo wa kompyuta ambacho mtu yeyote anaweza kukisoma mstari kwa mstari. Kazi njema, sikatai. Ndani yake kilikuwa kimebaki kiendeshi kimoja tu, programu ndogo ya kampuni inayoficha msimbo wake, kile kinachoendesha kamera ya kusoma macho. Aliyekitumia ni Aune Kettunen. Aune ndiye aliyeanzisha chama, na kanuni ya kukataa viendeshi vilivyofungwa aliiandika mwenyewe, enzi hizo mikono ikimtii. Sasa maradhi yalikuwa yamemwachia macho tu. Aliangalia herufi kwenye skrini, kamera ikamfuata, na kompyuta ikamsemea. Mwezi uliopita aliomba kiendeshi hicho kiachwe mpaka mtu aandike kingine cha wazi. Hakuna aliyejitolea. Wote walikuwa na shughuli, nyingi zikiwa za kubishana mtandaoni juu ya uhuru.

"Tuunde kwanza toleo lisilo na hicho kiendeshi, kura baadaye," alisema Tarmo. "Hatuwezi kujadili toleo ambalo hatujaliona."

"Tutalijaribu kwa nani?" aliuliza Raili, katibu.

"Kwa Aune, kwa nani tena? Si ndiye mwenye kamera?"

Wakaliweka kwenye kompyuta yake. Sauti ya kompyuta ya Aune ikakatika, na nyuma ya kompyuta akatoka mwanamume wa makamo mwenye koti la kijivu, amekumbatia sanduku la chuma lenye kufuli. Akavua viatu, akavipanga na vya wengine, akavuta kiti karibu na Aune. Raili akammiminia kahawa, maana ilikuwa imebaki.

"Wewe ndiye kiendeshi?" Tarmo aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Fungua hilo sanduku tuone."

"Ufunguo anao tajiri wangu. Hata mimi sijui kilichomo." Akamtazama Aune machoni. "Anasema anapinga. Anasema kura bado, na nyie mmeshamziba mdomo."

"Huna kauli hapa, bwana. Hatuwezi kukukagua. Tutajuaje kama ndivyo anavyosema?"

"Si apepese macho tu?" alisema Jouko, mwanachama wa nne. "Mara mbili ni hapana."

Aune alipepesa mara mbili. Akapepesa tena mara mbili.

"Kanuni inataka pingamizi kwa sauti au kwa maandishi," alisema Tarmo. "Na kanuni aliiandika mwenyewe."

Mgeni, kila alipomaliza sentensi, aliandika kitu kwenye kikaratasi akakitumbukiza sandukuni kupitia tundu dogo. Kwa hilo Tarmo alikuwa na haki ya kumshuku, na hiyo ndiyo haki pekee ninayompa jioni ile. Wakamtoa nje, akae kwenye korido. Wakampa kahawa yake aende nayo, kwa sababu ni watu wastaarabu.

Kura ikapigwa. Raili akaandika kwamba kiini ni safi na hakuna aliyepinga. Wakala maandazi ya iliki. Tarmo akatangaza ushindi huo kwa simu yake, ambayo hajapata kuona hata mstari mmoja wa msimbo wake, kisha akachukua taulo.

Mwanamume wa koti la kijivu ndiye aliyemsukuma Aune kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka nyumbani. Anaishi huko hadi leo. Humsemea dukani na kwa daktari, na vikaratasi vinaendelea kuingia sandukuni. Aune alimuuliza vinakwenda wapi, akajibu kwamba hajui. Kiendeshi cha wazi hakuna aliyeanza kukiandika.

Kila Jumanne ya kwanza humleta Aune mkutanoni, naye mwenyewe huachwa kwenye korido. Mlango ni wa kioo. Huyafuata macho ya Aune kutoka nje na kumsemea kwa sauti kubwa, neno kwa neno, tangu mkutano unapofunguliwa mpaka Tarmo anapochukua taulo. Raili ni katibu makini na haachi jambo. Mwishoni mwa kila muhtasari huandika: Hakuna aliyepinga. Kelele kwenye korido. Msimamizi wa jengo aarifiwe.