Usimkande Mguu

Bi Mwanatatu wa Likoni aliteleza kisimani, nyonga ikavunjika. Hospitalini ng'ambo ya feri wakaondoa kichwa cha mfupa wa paja, wakamtia cha chuma mahali pake. Ilikuwa mwaka sitini na mbili, na mwanawe Rashid hakuwahi kusikia ajabu kama hiyo.

Ajabu ya pili ilikuja kesho yake asubuhi. Nesi mmoja, Kafedha, alisimama kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama. Leo tunasimama."

"Wallahi, utamuua!" Rashid akaruka. "Mwache apumzike."

"Akilala tu kama gogo, damu ya mguuni huganda," Kafedha alijibu bila kupandisha sauti. "Bonge likipanda hadi mapafuni, huenda tusimuwahi."

Bi Mwanatatu akamnyooshea nesi mkono. "Nishike, mwanangu." Akasimama, jasho likimchuruzika. Tangu hapo Kafedha kila apitapo alimchezesha nyayo juu na chini, kama anayekanyaga cherehani.

Siku ya kutoka, alimvuta Rashid pembeni. "Mguu mmoja ukivimba, usikandwe hata kidogo; kukanda huling'oa bonge likapanda. Mlete."

Juma la pili nyumbani, shavu la mguu likavimba, likawa moto. Rashid aliporudi kutoka shambani alimkuta mkandaji wa mtaa keshakaa mkekani, mafuta ya nazi kiganjani. Akamshika mkono.

"Niwie radhi, bibi. Leo hapana."

"Mikono hii ndiyo iliyokupokea ulipozaliwa, Rashid!"

Alisikia haya hadi masikioni, lakini hakumwachia. Walimpakia mgonjwa mkokotenini, wakavuka kwa feri. Kafedha aliitazama miguu yote miwili, akamwita daktari mbio. Bonge lilikuwapo kweli. Siku kumi mama alidungwa sindano za kuzuia damu isigande, na bonge halikupanda.

Bi Mwanatatu aliporudi kwake akitembea kwa mkongojo, Rashid alidhani yamekwisha. Lakini siku yake ya mapumziko, Kafedha alivuka hadi Likoni, akauliza nyumba ya mkandaji. Alivua viatu mlangoni, akaketi chini.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja tuzungumze. Watu huja kwako kabla ya kuja kwetu."

Bibi akaagiza kahawa. Walizungumza hadi adhuhuri, na Rashid, aliyemsindikiza, aliona mkandaji akijifunza kulinganisha shavu kwa shavu, la mguu huu na la ule.

Mwaka haukuisha, bibi mwenyewe aliwavusha kwa feri hadi kwa Kafedha wagonjwa wawili wenye mguu uliovimba.