Mashine Iliyotaka Alazwe Kifudifudi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama katika ofisi anakofanya kazi mjukuu wangu Editruda, na mikononi nimemshika marehemu mume wangu. Sisemi mwili wake. Nasema picha yake, ndiyo pekee tuliyobaki nayo.

Nieleze kwanza picha yenyewe. Mzee Otmari amesimama kando ya baiskeli, amevaa koti aliloazima kwa katekista, na mikono ya koti imeishia mbali kidogo na viganja. Jicho moja amelifinya kwa sababu ya jua. Nyuma imebandikwa kipande cha boksi, maana ilishaanza kupasuka. Uso umefifia. Na kichwani mwangu pia unafifia, siwezi kuficha. Asubuhi nyingine nakumbuka koti, nakumbuka baiskeli na kengele yake, pua siikumbuki.

Hayo ni ya kweli, si ya ndoto. La kweli pia ni kwamba jana mchana nilikwenda ofisini kwa Editruda. Tunamjengea babu yake kaburi, na fundi Haule anataka picha itumwe kwa mtu wa mjini anayechapa sura juu ya kigae. Editruda akafungua ile mashine yao kubwa ya kutoa kopi, ambayo pia inaskani, yaani inaisoma picha na kuipeleka kwa waya mpaka kwenye kompyuta.

"Bibi, nipe babu," akasema. "Tunamlaza hapa kwenye kioo, uso chini."

Nikamwambia kwetu marehemu halazwi kifudifudi. Siku ya ufufuo akifumbua macho ataona nini? Udongo?

"Ni picha tu, bibi."

"Na mimi ni bibi tu. Lete."

Nikamfunga kwenye leso, nikarudi naye nyumbani, nikamlaza juu ya kigoda karibu na kitanda, uso juu.

Sasa ndoto.

Mashine imenyanyua kifuniko chake. Ilikuwa bado mpya, mdogo kwangu kabisa, kwa hiyo ikanisalimia kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeshindaje?"

"Nimeshinda nimechomekwa. Huyo ni nani?"

"Mume wangu."

"Wa rangi, au mweusi na mweupe?"

"Mweusi," nikasema. "Meno ndiyo yalikuwa meupe."

"Anakwenda wapi?"

"Kaburini kwake."

Ikafikiri, kitaa chake cha kijani kikiwaka na kuzimika. "Huko njia ipo. Waya unapita chini ya ukuta. Mlaze."

Nikamlaza uso juu, nikamnyoosha vizuri. Mwanga ukapita chini yake kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni.

"Ukurasa mtupu," mashine ikasema.

"Mtupu vipi? Huyu ni baba wa watoto."

"Mimi nimeona boksi. Na nimeagizwa kuruka kurasa tupu."

Ikaruka. Ilijikusanya kwa magurudumu yake manne, ikamruka mume wangu, ikatua upande wa pili, na madirisha yakatikisika. Sijui ilimrukaje mtu aliyekuwa mgongoni mwake, lakini ilimruka. Mimi hata aliyelala usingizi simruki, sembuse marehemu.

Nikageuka ili nimwite Editruda aje aone. Ofisi haipo. Tuko makaburini, na mashine imechomekwa kwenye msalaba wa mume wangu. Fundi Haule amechuchumaa na mwiko wake, beseni la sementi liko kando, suruali imechafuka mpaka kiunoni.

"Mama Winfrida, sementi haina subira kama wewe," akasema. "Inaganda hii."

"Ngoja kidogo, baba."

"Mimi naweza kungoja, yenyewe haiwezi. Ikiganda kabla sura haijafika, kigae kinabaki hivyo hivyo."

Nikakitazama kigae. Kilikuwa cheupe kama sahani isiyopakuliwa kitu.

"Watu watapita hapa," Haule akaendelea, akikoroga polepole, "watamsoma kama mashine ilivyomsoma. Mtupu. Baadaye na wewe utamsoma hivyo."

Trei ya juu ya mashine, ile ya kuingizia karatasi, ikakohoa.

"Mimi napokea uso juu," ikasema.

Moyo ukanishtuka kwa furaha. "Mbona hukusema mapema, mwanangu?"

"Ila namvuta tumboni, namkunja, ndipo namtolea nyuma. Huyu amebandikwa boksi. Nitamtoa vipande vipande."

Nikaishukuru kwa kusema kweli. Wengi wangekaa kimya.

Hapo mume wangu akaniita. Hakutikisa mdomo, maana kwenye picha ile mdomo umefungwa.

"Mama Winfrida."

"Abee."

"Unanichelewesha."

"Naogopa kukulaza vibaya."

"Pua yangu ikoje?"

Nikamsogeza karibu na macho. Akanitazama kwa lile jicho lake moja lisilofinywa. Haule akaacha kukoroga, akajifanya anasafisha mwiko.

"Nimeuliza, mama."

"Sikumbuki, Baba Winfrida."

"Basi nilaze wanavyotaka. Ila usiniache nikatazama chini peke yangu."

Nikavua ndala zangu, nikazipanga sambamba pembeni ya kaburi. Nikapanda juu ya mashine. Kioo kinatanuka, kinafika ukubwa wa kitanda cha watu wawili, kina baridi kama benchi la mochwari. Namgeuza kifudifudi. Nami najilaza kando yake, uso chini, shavu likabanwa. Ni mara ya kwanza kulala pamoja tangu msiba.

"Bibi," mashine inaniita kwa upole, "kifuniko."

"Kikibaki wazi?"

"Pembeni mwenu litaingia giza."

"Basi funga, mwanangu."

Kinashuka. Nje nausikia mwiko wa Haule ukikwangua beseni. Mwanga unatokea miguuni, unakuja taratibu, unapanda magotini, unapanda kifuani. Unapofika usoni, kioo kinatuonyesha sote wawili, na ninaiona pua yake. Ni pana, imelala kidogo upande wa kushoto, na kwenye ncha ina kovu dogo la tetekuwanga. Lile kovu nilikuwa nimelisahau kabisa. Nataka kumwambia nimeliona.

"Imetumwa," mashine ikasema, na mwanga ukazimika.

Nikaamka. Kulikuwa kumeshakucha, jogoo wa jirani ameshachoka kuwika. Shavu la kulia lilikuwa linaniuma. Nikatazama kigoda: Baba Winfrida yupo palepale, uso juu, amefifia vilevile. Pua haionekani. Nikajiambia, basi, ilikuwa ndoto. Nikawasha jiko, nikainjika chai, wala sikuionea hamu.

Simu ikalia. Alikuwa Editruda, yuko kazini.

"Shikamoo, bibi. Picha ya babu imefika."

"Marahaba. Picha gani?"

"Nimeikuta kwenye kompyuta yangu asubuhi hii. Nani amekushawishi ukakubali kumlaza?"

Nikafunua sufuria. Chai ilikuwa inachemka.

"Imetoka safi, bibi, hutaamini. Mpaka kakovu ka puani kanaonekana. Shida ni moja, huku pembeni kuna mtu. Shavu tu, limebanwa kwenye kioo, na kilemba cha vidoti vya njano. Niikate hiyo pembeni ndipo niitume mjini?"

Nikajipapasa kichwani. Kilemba kilikuwa kimesogea upande wa kulia, upande wa shavu linaloniuma. Nikakivua, nikakitandaza mapajani, nikavitazama vidoti vyake.

"Bibi? Unanisikia? Niikate?"

"Usikate," nikamwambia. "Mwambie Haule kigae kiwe kipana."