Wa Kupakatwa Halipi

Mume wangu Adolf ni bahili, na nasema hivi nikimpenda. Mbalamwezi ikiingia, dagaa hawafuati taa, basi wavuvi wa Kibirizi huvuta mitumbwi mchangani na kutafuta pa kumalizia hela. Adolf alikuwa akitupeleka kuangalia picha. Familia nzima, Jumapili mchana, kwenye banda la video la Bonifasi, lile la mabati nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa. Ila alitupeleka kwa namna yake.

Soda ya pale haikununuliwa. Tulikunywa maji nyumbani mpaka tumbo likacheza. Karanga nilikaanga mimi. Siku moja karanga hazikuwepo, akafunga dagaa wa kukaanga kwenye mfuko, na alipoufungua mle ndani mabenchi ya mbele yote yaligeuka kututazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Halafu kulikuwa na mstari. Bonifasi alipaka rangi nyekundu kwenye fremu ya mlango: mtoto aliye chini ya mstari anapakatwa na halipi, aliyeupita analipa kama mtu mzima. Mkubwa wetu, Leonardi, alipoupita, baba yake alinuna kutwa kana kwamba mtoto kaiba. Siku hizi Leonardi ni mtu wa mpira tu, picha hana habari nazo. Akabaki mdogo wake, Catherine. Huyo Adolf alimvua ndala kabla hatujafika mlangoni, akamfumua nywele zisimwongezee urefu, akamnong'oneza, "Legeza magoti, mama."

"Adolf, tutaonekana mafukara," nilimwambia.

Alicheka tu. Alimpakata mwanawe mwanzo wa picha hadi mwisho, jasho likimtoka, mapaja yakimfa ganzi. Catherine picha hakuwa akiifuata sana. Alimsikiliza baba yake akibishana na mtafsiri, yule anayetia Kiswahili juu ya maneno ya Wahindi wa kwenye picha. "Mwongo huyo!" Adolf alipiga kelele. "Kihindi hakijasema hivyo!" Na Kihindi chenyewe hajui hata salamu.

Mwaka jana tajiri yake aliuza mtumbwi na nyavu kwa mtu wa Kirando, kule kusini mwa ziwa, na Adolf akaifuata kazi. "Mbalamwezi ikiingia nakuja," alimwahidi Catherine. "Usiende kwa Bonifasi bila mimi. Nani atakupakata?"

"Ego, baba," mtoto akaitikia ndiyo kwa lugha yetu ya nyumbani, na agizo hilo akalishika.

Mbalamwezi ikaja, Adolf hakuja. Iliyofuata hivyo hivyo, na nyingine tena. Akipiga simu maneno ni yale yale: nauli ya kuja na kurudi ni kubwa, bora aitume inunue sare za shule. Na anatuma kweli, simsingizii. Yule mtu amezoea kubana kila kitu, sasa amebana mpaka kurudi nyumbani. Siku moja nilimfokea, "Sare haimpakati mtoto, Adolf!" Nikasikia upepo tu wa huko aliko, kisha simu ikakatika. Namtamani mume wangu. Namtamani yeye na ubahili wake, na kelele zake, na harufu ya dagaa mfukoni.

Catherine hakuwa analalamika. Kila mbalamwezi alikwenda peke yake mpaka pale mlangoni, akasimama mgongo kwenye fremu, akaweka kiganja kichwani, akageuka kutazama. Kisha anarudi mbio. "Bado, mama! Baba akija atanipakata." Mimi nikaanza kuogopa hata kumshushia pindo la gauni.

Safari hii hakwenda kujipima. Nikajua. Baba yake alipopiga simu kusema mbalamwezi hii pia haji, mtoto alimsalimia vizuri, akanirudishia simu, akasema, "Twende tu, mama."

Njiani alibeba ndala mkononi. Bonifasi alimtazama, akanitazama mimi. "Mama Leonardi, huyu keshapita."

"Hajapita."

"Tazama mwenyewe."

"Ni nywele hizo!"

Kichwa cha mtoto kilikuwa kimenyolewa kipara kwa ajili ya shule. Bonifasi hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mwaka jana alikuwa wa kupakatwa," nikasema.

"Mwaka jana, ndiyo."

Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Kiingilio nilikuwa nacho kwenye kiganja, cha kutosha wote wawili. Mimi niliyekuwa naona aibu, leo ndiye niliyesimama mlangoni nikigombania mtoto wa bure. Nikilipa, nimekubali kwamba Adolf amechelewa. Sikutaka kukubali. Ningegombana na Bonifasi mpaka jua lizame.

Catherine akatupa ndala chini, akazivaa. "Mama, lipa," alisema. Akazichukua zile hela kiganjani mwangu na kumpa Bonifasi mwenyewe.

Ndani nilimwambia aje nimpakate hivyo hivyo. Alikataa kwa kichwa, akakaa benchini pembeni yangu. Nilitazama miguu yake. Nyayo zote mbili zilikuwa zimefika chini.

Picha ikaanza, mtafsiri naye akaanza vituko vyake. Catherine alikuwa ametazama mbele. "Mwongo huyo," alisema polepole, kama mtu anayeonja chakula. Nikangoja amalizie. Hakumalizia.

Nikamalizia mimi, kwa sauti ya juu, machozi yananitoka. "Kihindi hakijasema hivyo!"

Mabenchi ya mbele yakageuka kututazama. Nikayaacha yatutazame.